Nina D ya kemia, na baba ameshanitangaza daktari kanisani

Shangazi, shikamoo.

Wazazi wangu ni wa Fizi, Kivu Kusini, lakini mimi nimezaliwa na kukulia kambini Nyarugusu, Kigoma, kwa hiyo ukiona Kiswahili changu kina michanganyo usishangae. Tuliletwa Kentucky nikiwa na miaka 13. Sasa nina 22, uraia tulishapata, na mwezi huu wa Mei nimemaliza mwaka wa tatu wa shahada ya biolojia katika chuo kikuu kimoja cha serikali hapa jimboni.

Tuko sita na mimi ndiye wa kwanza. Tangu nikiwa na miaka 14 mimi ndiye mkalimani wa mama hospitalini, maana ana sukari. Siku daktari alipomwambia kwamba figo zimeanza kuchoka, ni mimi niliyemtafsiria. Nilimwambia, "Anasema zimechoka kidogo." Daktari hakusema kidogo. Neno hilo nililiongeza mwenyewe, na mpaka leo linanisumbua. Tangu siku hiyo ninataka niwe mimi ninayesema, nisiwe ninayetafsiri.

Shida ni mwaka wa kwanza. Nilikuwa nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, usiku nne kwa wiki. Mtihani wa kemia ulikuwa saa mbili asubuhi. Shangazi, nililala juu ya karatasi. Sisemi kwa mafumbo, nililala kweli, na nilipoamka swali la tatu lilikuwa limelowa mate. Nikapata D. Biolojia nikapata C+. Mwaka wa pili niliirudia kemia nikapata B+, chuo kikaifuta ile D kwenye hesabu yao. Kemia ya oganiki nikapata C+. Mwaka wa tatu nilibaki na zamu za Ijumaa na Jumamosi tu, na matokeo yakawa A karibu kila somo. GPA yangu, yaani wastani wa alama ambao mwisho wake ni 4, kwenye transkripti ni 3.25: mwaka wa kwanza 2.75 kwa krediti 24, wa pili 3.10 kwa krediti 30, wa tatu 3.80 kwa krediti 30.

Mshauri wa masomo aliitazama ile karatasi kwa dakika mbili hivi, akaniambia nifikirie uuguzi au afya ya jamii. Baba yeye alichukua simu, akapiga hesabu: 3.25 kati ya 4 ni asilimia 81. "Kwetu hiyo ni grande distinction!" Jumapili iliyofuata akasimama wakati wa ushuhuda akatangaza kwamba mwakani binti yake anaanza udaktari. Sasa kina mama wa kanisani wananiletea vipimo vyao vya presha.

Nifanyeje? Niombe Juni hii? Niirudie ile C+ ya oganiki? Rafiki yangu anasema nihamie shahada nyepesi ili GPA ipande. Mjomba aliyeko Kampala anasema niachane na Wamarekani, niende huko nikasome udaktari moja kwa moja. Halafu kuna jambo jingine: kiangazi kimoja nilijiandikisha somo la hesabu kwenye chuo cha jamii, nikaliacha katikati, wakaandika W. Dada mmoja ameniambia nisikitaje hicho chuo kabisa, hakuna atakayejua.

Nyumbani pesa ni ya kubanana. Msimamizi wangu ameniomba kuanzia Agosti nirudi kwenye usiku wa katikati ya wiki, usiku tatu, na ataniongezea dola mbili kwa saa. Nimeshamkubalia kwa mdomo.

Mimi,
Mwenye D, Kentucky

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mambo ya mjomba na mambo ya kanisani, chukua kalamu. Hiyo 3.25 unayoililia siyo namba watakayoiona.

Maombi ya karibu vyuo vyote vya Marekani vinavyotoa MD, shahada ya udaktari, hupitia mfumo mmoja, AMCAS, unaoendeshwa na jumuiya ya vyuo vya tiba iitwayo AAMC. AMCAS hawaangalii chuo chako kimefuta nini. Wanachukua kila alama uliyopata katika kila chuo cha Marekani ulichokanyaga, wanaipiga upya kwa kipimo chao: A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3, B ni 3.0, na kuendelea kushuka. Somo lililorudiwa linahesabiwa mara zote mbili. Kwa hiyo D yako inafufuka. Ilikuwa ya krediti 4? Nadhani hivyo, maana kemia ya kwanza pamoja na maabara huwa nne. Basi mwaka wako wa kwanza si krediti 24, ni 28, na GPA yake si 2.75 bali 2.50. Zidisha krediti kwa GPA, unapata pointi 70. Mwaka wa pili krediti 30 kwa 3.10 ni pointi 93. Wa tatu krediti 30 kwa 3.80 ni pointi 114. Jumla krediti 88, pointi 277. Gawanya.

3.15.

Nimekuandikia peke yake kwenye mstari ili uitazame vizuri, kwa sababu ni afadhali uione leo mezani kwenu kuliko kuiona Julai baada ya kulipa ada. Na bado kuna GPA ya pili watakayoitoa pembeni, ya biolojia, kemia, fizikia na hesabu peke yake. Hiyo itakuwa chini zaidi, maana matope yako yote yamemwagikia upande huo. Kaa uipige mwenyewe kwa namna hii hii, transkripti unayo.

Sasa twende mbele. Umebakiza mwaka mmoja, tuseme krediti 32. Ukipata A tupu, bila hata A- moja, utamaliza na pointi 405 kwa krediti 120, yaani 3.375. Ukirudia 3.80 kama mwaka huu, utamaliza na 3.32. Mwaka mzima wa kujinyima, na namba inasogea hivyo tu. Wewe umekulia Nyarugusu, dumu la lita ishirini unalijua: likishaingia chumvi wakati liko robo, hata ukilijaza maji matamu mpaka mdomoni, ulimi utajua. Ndivyo GPA ilivyo. Mwaka wa kwanza unaharibu kwa urahisi, mwaka wa nne unatengeneza kwa jasho.

Waliopata nafasi na kuanza masomo ya MD mwaka 2023 walikuwa na wastani wa GPA 3.77, na wa MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya tiba, 511.7. Walioomba walikuwa zaidi ya 52,000, walioanza karibu 23,000. Kuna watu watakuambia GPA si kitu, wanatazama moyo. Ni kitu. AAMC wenyewe hutoa jedwali, wanaliita A-23, linaloonyesha waombaji kwa makundi ya GPA na MCAT na ni wangapi walikubaliwa katika kila kundi. Lifungue. Katika safu za 3.2 na 3.3 wanaokataliwa ni wengi kuliko wanaokubaliwa, kwa mbali. Lakini angalia pia kwamba hakuna safu ya karibu na yako iliyo na sifuri, na kadiri MCAT inavyopanda ndivyo idadi ya waliokubaliwa inavyopanda ndani ya safu ile ile. Mshauri wako wa dakika mbili aliiangalia jumla akafunga faili. (Na uuguzi si kapu la walioshindwa. Kama angekuwa nesi angejua. Ukiutaka, uende kwa sababu unautaka.)

Jambo ambalo jumla hailisemi ni hili. AMCAS wakishamaliza kuhakiki, msomaji wa maombi yako hapokei namba moja, anapokea jedwali dogo lenye mistari. Mstari wa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na wa baada ya shahada kama upo. Na nguzo tatu: sayansi na hesabu, masomo mengine, jumla. Nimewahi kukaa meza moja na watu wanaosoma maombi haya. Jicho lao linashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Kwako litasoma 2.50, 3.10, 3.80. Hapo msomaji husimama, anarudi juu, anajiuliza huyu binti alipatwa na nini mwaka ule, na nini kilibadilika. Mwenye 3.80 kisha 3.10 kisha 2.50 ana jumla ile ile na wewe, lakini faili lake halipewi swali la pili. Ndiyo maana mstari wa mwaka wa nne kwako una thamani kuliko namba itakayotoka chini. Ukiandika 3.85 pale, umethibitisha kwamba 3.80 haikuwa bahati. Ukiandika 3.20, umemjibu msomaji kwamba mwaka wa tatu ndio uliokuwa bahati, na hapo sina dawa.

Kwa hiyo Juni hii usiombe. Hata kama baba amenunua suti.

Maombi ya Juni hii yangekwenda bila mwaka wa nne na, nadhani, bila MCAT, maana hujaitaja popote. Kuomba mara ya pili kunaruhusiwa, lakini vyuo vingi vinajua kwamba uliwahi kuomba, na vinauliza kimebadilika nini. Usiitumie nafasi ya kwanza kama kutupa ndoano. Maliza mwaka wa nne. Kiangazi cha mwakani, ukiwa huna darasa, fanya MCAT. Omba Juni inayofuata. Katika huo mwaka wa katikati, fanya kazi mchana na uchukue masomo manne au matano ya sayansi ya ngazi ya juu, krediti 15 hivi. Ukipata 3.9 humo, jumla yako itafika 3.39. Najua, ni sehemu saba za mia tu. Lakini utakuwa umepata mstari mpya kwenye lile jedwali, na mstari huo hauna chumvi. Utaanza ukiwa na miaka 25 au 26, na wastani wa wanaoanza ni kama 24. Hutakuwa bibi.

MCAT ndiyo namba pekee ambayo bado haijaandikwa, kwa hiyo iheshimu. Inaanzia 472 na kuishia 528. Ni sehemu nne, maswali 230, na siku nzima ya saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko. Usiende "kujaribu", maana kila matokeo yanabaki kwenye kumbukumbu na vyuo vinayaona yote. Sehemu tatu ni sayansi, na wewe wa mwaka wa tatu sina hofu naye. Ninayoiogopa kwa watu wetu ni ile ya kusoma, CARS: maswali 53 kwa dakika 90, habari ndefu za falsafa, sanaa, historia, na humo hakuna hata tone la biolojia la kukuokoa. Mtu aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka 13 anasoma sawasawa, ila anasoma polepole, na pale kwenda polepole kunagharimu. Haikaririwi. Anza wiki hii: kila siku makala moja ndefu ya Kiingereza juu ya jambo lisilokuhusu, saa mbele yako, kisha useme kwa sauti mwandishi anataka nini na anamshambulia nani. Mwaka mmoja wa hivyo unatosha kubadilisha mambo.

Na usiangalie MD peke yake. Marekani kuna shahada nyingine ya udaktari, DO. Mwenye DO ni daktari kamili, anatibu, anapasua, anaandika dawa katika majimbo yote 50. Wanaoingia huko wana wastani wa GPA karibu 3.6 na MCAT karibu 503. Mfumo wao wa maombi ni AACOMAS. Watu wa zamani watakuambia kwamba AACOMAS wanafuta alama ya zamani ukirudia somo. Ilikuwa hivyo, ikakoma mwaka 2017. Kwenu Kentucky kuna vyuo vitatu: Chuo Kikuu cha Kentucky na Chuo Kikuu cha Louisville kwa MD, na kile cha Pikeville, huko milimani mashariki, kwa DO. Vyuo vya serikali huwapendelea wakazi wa jimbo, na wewe ni mkazi. Hivyo vitatu ndivyo vya kwanza kwenye orodha yako, kabla ya jina lolote la kwenye televisheni. Ukivuka mpaka kuna Meharry, Nashville, chuo kilichoanzishwa karne ya 19 kuwafundisha udaktari watu weusi waliofungiwa milango kwingine.

Ukichagua vyuo, tumia MSAR, hazina ya AAMC ya mtandaoni inayoonyesha GPA na MCAT za kila chuo cha MD. Wengi huangalia namba ya katikati, wakakata tamaa. Wewe angalia ile ya chini, ya asilimia kumi ya mwisho walioingia. Kama 3.39 iko juu yake, chuo hicho unakiomba. Kama iko chini yake, pesa yako ipeleke kwingine. Na pesa yenyewe si ndogo: AMCAS ni zaidi ya dola 170 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya 40 kwa kila kinachoongezeka, MCAT ni zaidi ya 300, halafu kila chuo kitakutumia fomu ya pili yenye ada yake. AAMC wana mpango wa msaada wa ada kwa familia zenye kipato kidogo. Unapunguza gharama ya MCAT, unakupa MSAR bure na unafuta ada ya AMCAS kwa vyuo hadi 20. Omba msaada huo kwanza, kabla hujalipa chochote. Hawarudishi pesa iliyokwisha kulipwa.

C+ ya oganiki iache. Vyuo vingi vinataka C au zaidi, nawe umepita. Ukiirudia ukapata A, C+ bado itahesabiwa, na utakuwa umetumia muhula mzima kuthibitisha kwamba mara ya pili somo huwa rahisi. Chukua baiokemia badala yake. Ni mtoto wa oganiki na biolojia, imejaa kwenye MCAT, na A ya baiokemia inamwambia msomaji kuhusu oganiki kuliko oganiki yenyewe.

Kubadili shahada: hapana. Hakuna chuo cha tiba kinachokulazimisha biolojia, wanaingia hata waliosoma muziki, lakini kwa anayebakiza mwaka mmoja hilo ni swali lililochelewa basi.

Ile W. AMCAS wanadai transkripti kutoka kila chuo ulichojiandikisha, hata kama ulitoka na W mkononi. W haiingii kwenye GPA, haikupunguzii hata nukta. Ukiificha ikagundulika, AAMC wanaweza kukufanyia uchunguzi, na taarifa yake ikatumwa kwa vyuo ulivyoomba. Yaani huyo dada anakushauri ubadilishe kitu kisicho na uzito kwa kitu kinachozamisha mtumbwi. Mshukuru, kisha taja chuo cha jamii kwa jina lake lote.

Mjomba wa Kampala sitamcheka. Makerere imetoa madaktari tangu enzi za ukoloni, na shahada yao ya udaktari, MBChB, ni miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo hospitalini. Kama ndoto yako ni kutibu Uganda, Tanzania au kurudi Fizi, mjomba ana hoja, tena nzuri, na ungekaa naye umuulize habari za kulinganisha cheti chako cha sekondari ya Marekani na cha huko. Lakini wewe umeniambia habari ya figo za mama, na mama yuko Kentucky. Aliyesoma nje akitaka kutibu Marekani, kwa kawaida lazima afaulu USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari, apate cheti cha ECFMG, wanaohakiki madaktari waliosoma nje, kisha agombee nafasi ya mafunzo hospitalini. Mwaka 2024, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa MD wa ndani waliopata nafasi hiyo walikuwa zaidi ya asilimia 93, wa DO zaidi ya 92. Raia wa Marekani waliosomea nje walikuwa asilimia 67. Mmoja kati ya watatu alibaki mlangoni na shahada yake mkononi. Hesabu hiyo hiyo iweke mbele yako siku utakapoanza kupokea matangazo ya vyuo vya visiwa vya Karibiani, na utayapokea, maana wananusa GPA za namna yako.

Kaka yangu, baba wa binti, najua utasomewa haya, kwa hiyo acha nikwambie wewe mwenyewe. Hesabu yako ya asilimia 81 si mbaya, ila umeipima kwa ratili ya kwetu. Kongo, mwenye diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, huingia kitivo cha tiba moja kwa moja, na chujio humkuta ndani, mwaka wa kwanza, wakiwa wamejazana ukumbini. Marekani chujio wameliweka mlangoni. Kijana anamaliza kwanza shahada nzima ya miaka minne, alama zinapimwa kwa uzi mwembamba, kisha akishaingia, zaidi ya tisa kati ya kumi wanatoka madaktari. Miaka hii minne si ya kupotea, ndiyo usaili wenyewe. Ulitangaza kweli, ila ulikosea tarehe. Jumapili moja simama tena useme imesogezwa miaka miwili, na uwaombe wale kina mama wapeleke presha zao kliniki.

Nirudi kwako, binti. Kwenye maombi utaulizwa kuhusu mwaka wa kwanza. Usiandike maombolezo. Sentensi mbili: nilifanya kazi usiku nne kwa wiki kusaidia familia nikaanguka kemia, nilipunguza zamu, nikalirudia somo, na tazama mistari inayofuata. Basi, hapo unanyamaza. Mistari ndiyo itakayosema. Saa zako za nyumba ya wazee, ambazo unaziona kama aibu iliyokuharibia kemia, ziandike kwa ukamilifu. Kuna waombaji wenye GPA 3.9 ambao hawajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku. Na lile neno "kidogo" ulilomwongezea mama, ndilo insha yako. Nimesoma insha nyingi za watu wanaotaka "kusaidia wengine". Sijaona nyingi za mtu anayejua kwamba alimwongezea mgonjwa neno moja, na anajua kwa nini.

Lakini kuna sentensi umeipitisha mwishoni, haraka haraka, kama mtu anayeficha sahani iliyovunjika. Msimamizi, usiku tatu za katikati ya wiki, dola mbili zaidi. Umeniuliza kuhusu C+, kuhusu W, kuhusu Kampala. Hukuniuliza kuhusu hiyo, na kati ya yote uliyoyaandika hiyo ndiyo inayoweza kuamua. Iangalie transkripti yako tena, safari hii weka pembeni yake idadi ya usiku ulizofanya kazi. Mwaka wa nne unataka kuuanza na baiokemia pamoja na zamu za Jumanne.

Dola mbili kwa saa, saa nane, usiku tatu: dola 48 kwa wiki kabla ya kodi, juu ya zile saa za usiku mmoja wa ziada. Najua pesa hiyo nyumbani kwenu inaonekana. Kaa na baba na mama mseme ni bili gani inayoisubiri, na kama wadogo zako waliofikisha umri wanaweza kubeba kipande. Nenda ofisi ya misaada ya fedha chuoni uulize kama kuna ruzuku za dharura au kazi za ndani ya chuo kwa mwaka wa mwisho. Vyuo vingi vinazo na haviwatangazii wasiouliza. Ikibidi, ongeza zamu hiki kiangazi, Juni na Julai, uweke akiba. Agosti urudi Ijumaa na Jumamosi.

Ulimkubalia kwa mdomo, hujasaini kitu. Mwandikie leo, kwa heshima, maneno matatu manne: asante kwa nafasi, nimepitia ratiba ya masomo, kuanzia Agosti nitaweza wikendi tu, nikihitajika Juni na Julai niambie. Tuma kabla hujaingia zamu, maana ukifika pale akikuangalia usoni utakubali tena.